Vitambaa vya Darasa la Nne

Sikio langu la kulia lilitangulia kufa, la kushoto likaanza kulifuata taratibu, na mimi sikumwambia mtu. Nilikuwa nafundisha darasa la nne, skuli moja ya Kiembe Samaki, na nilijua, au nilidhani najua, mwalimu asiyesikia hupelekwa wapi: hupelekwa nyumbani. Nina watoto wawili na mama wa kumlisha. Basi niliogopa. Niliogopa asubuhi nikivaa buibui, niliogopa mchana nikisahihisha madaftari, na woga ule nikauzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Kwetu kutoitikia salamu si jambo dogo. Wenzangu waliniita ukumbini kwa nyuma, watoto wakaniamkia, na mimi nikapita zangu. Zikavuma habari kwamba nina maringo, sijui nimepata nini hata siitikii watu. Nikayaacha maneno yaenee. Bora waseme najidai kuliko wajue. Mama peke yake ndiye aliyegundua mwenyewe, akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi sifi, kisha nikajuta siku nzima.

Darasani ndiko nilikotishika zaidi. Zamani nilifundisha kama nilivyofundishwa: nasema, wanaitikia kwa pamoja, tunaendelea. Sasa sauti yao ya pamoja ilikuwa kwangu mvumo tu, sikujua nani amepata na nani amekosa. Nikachukua kanga kuukuu za mama, nikazikatakata, nikampa kila mtoto vitambaa vitatu. Cheupe, nimefahamu. Cha buluu, nimepotea. Chekundu, nina suali. Hasemi mtu kabla hajanyanyua kitambaa nikamwona. Na jibu kila mmoja alilete kwa njia yake: anayetaka kusema aje mbele aseme akinitazama, anayetaka kuchora achore, anayetaka kukata karatasi akate.

Nakiri kwamba sikumfikiria mtoto hata mmoja. Nilijifikiria mimi. Lakini mvulana mwenye kigugumizi, ambaye masuali ya mdomo yalikuwa yakimliza, akaanza kuchora majibu sahihi tupu. Na msichana aliyehamia kutoka kisiwani Tumbatu, ambaye siku ya kwanza wenzake waliicheka lafudhi yake mpaka akafunga mdomo, akawa wa mwanzo kunyanyua kitambaa cheupe. Kusema, hakusema. Alikaa mbele, akinitazama sana.

Sifa zikavuka ukuta. Jumatatu moja mwalimu mkuu alinijia, uso umejaa furaha, akanieleza kwamba Alhamisi mkaguzi atakuja kuliona somo langu linalomchukua kila mtoto, na likimpendeza, nitawafundisha na walimu wengine. Wenzangu wakanipongeza. Mimi nikaenda darasani, nikahesabu hatua kutoka ubaoni mpaka meza ya mwisho.

Alhamisi nikajikaza kisabuni. Somo lilikuwa sehemu: nusu, robo na thumuni, na kila meza nimeiwekea mkate wa boflo wa kukata. Mkaguzi, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia, alikwenda kukaa nyuma kabisa, pahala ambapo hata mtu akipiga kelele hanifikii. Nikamwomba asogee mbele. Akatabasamu, akakataa kwa mkono. Nikaanza, na mambo yakaenda vizuri mpaka nikawapa watoto mgongo ili niandike ubaoni.

Nilipogeuka, hakuna mtoto aliyekuwa akinitazama. Nyuso zote zilielekea nyuma. Mkaguzi alikuwa amesimama, kalamu mkononi, paji la uso limekunjana. Alikuwa ameniita. Mara ngapi, sijui.

Chaki ikanidondoka. Yule msichana wa Tumbatu akainuka na kitambaa chake chekundu, akapita baina ya meza mpaka kwa mgeni. Alisimama upande, uso wake nikauona vizuri, na mdomo wake nikausoma neno kwa neno.

"Mwalimu haskii," alimwambia. "Nyanyua hichi, atakuona."

Hakuna mtoto aliyecheka, wala aliyeshtuka. Hapo nikafahamu kwamba darasa zima linajua, limejua siku nyingi, na wote wamenisitiri. Nilimuwaza mama, nikawawaza wanangu, nikaiwaza barua ya kuachishwa kazi. Mkaguzi alimtazama msichana, akanitazama na mimi. Kisha akakaa kitini pake, akakinyanyua kile kipande cha kanga ya mama juu ya kofia yake, akangoja.

Nikaifuta mikono yenye chaki kwenye buibui, nikapita baina ya meza mpaka nikamkaribia, nikamtazama mdomo.

"Naam," nikaitika.