Siku Baba Alipokosa Shabaha

Kitabu kile kilimhusu mwizi Mwingereza aliyejificha msituni na wenzake, akiwinda kulungu wa mfalme na kuwapora matajiri. Kiingereza chake kilikuwa cha mababu, kigumu kama ugali wa jana. Pale shule ya misheni, Ikutha, tulikisoma kwa zamu. Ukikwama kwenye neno, mwalimu alikuchapa kiganjani; ukilia, alikuongeza. Kisha kwa sauti ya upole alitueleza kwa Kiswahili jinsi mwizi yule alivyokuwa shujaa. Mwalimu nilimchukia, lakini kitabu nilikipenda vibaya sana.

Jioni nilimsimulia baba kwa Kikamba, yeye akinyoosha mishale yake kwenye moto. Alikuwa mwindaji, jambo ambalo serikali ilikuwa imelipiga marufuku. Alimcheka yule mwizi bila huruma.

"Mshale hauna sumu, halafu mnyama anaanguka papo hapo? Aliyeandika hayo hajawahi kuwinda hata sungura, mwiitu wakwa, binti yangu."

Sura moja tu ilimnyamazisha. Mkuu wa wilaya yao alitangaza mashindano ya kulenga shabaha ili amnase mwizi, maana alijua hakuna mwingine ambaye angeshinda. Baba aliniambia niirudie, nikairudia.

Kabla mwezi haujaisha, chifu wetu naye akatangaza mashindano. Bwana Nyama, mzungu aliyelinda wanyama wa serikali, angekuja na blanketi jekundu la mshindi. Kila mwanamume aje na uta wake na mishale yake mwenyewe, bila sumu. Asiyekuja angeulizwa sababu.

"Ni ule mtego wa kitabuni," baba alisema. Siku si nyingi zilizopita alikuwa amempiga tandala, mnyama akakimbia na mshale ubavuni, na askari wakaufikia mzoga kabla yake. Tulijua wanamtafuta mpigaji. Mama alimsihi atorokee Tseikuru. Baba akakataa. "Huyo wa kitabu alijulikana kwa kushinda. Mimi nitakosa."

Na akakosa. Shabaha ilikuwa gunia la nyasi, karibu kiasi kwamba hata mimi ningelipata. Mshale wake wa kwanza ulipita juu, wa pili ukachimba mchanga, wa tatu ukaenda kutisha mbuzi wa chifu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baba mkwe wake alitema mate na kutazama pembeni. Aliyeshinda alikuwa kijana ambaye baba mwenyewe alimfundisha uta; alijitanda lile blanketi juani, akamuuliza mbele ya wote kama macho yameanza kuzeeka. Baba alitabasamu tu. Nami nilikuwa na furaha tele moyoni, kwa kuwa niliamini tumemweza mzungu.

Kisha askari wakapita uwanjani wakiokota mishale yote, iliyopata na iliyokosa, wakamwekea Bwana Nyama mezani. Kwetu kila mwanamume huchonga alama yake kwenye uti wa mshale, ili mnyama akianguka watu wasigombane ni wa nani. Lilikuwa jambo letu wenyewe, la kugawana nyama, na hakuna aliyewaza kwamba mzungu angeweza kulisoma. Mtu alikuwa amemfundisha. Alitoa kwenye gari lake mshale wenye damu kavu, akaulinganisha na ile mingine mmoja mmoja, bila haraka, huku akivuta kiko. Alipofika kwa ile ya baba, akasimama.

Walimtia pingu palepale. Baba hakuomba kusamehewe, wala hakututazama mama na mimi. Aliwatazama wanaume wenzake, ambao walikuwa bado wanacheka, wakiulizana mtu aliyeshindwa na gunia alimuuaje tandala. Labda alimkuta amelala, mmoja alisema. Hapo ndipo nilipoona uso wa baba ukivunjika. Akamgeukia Bwana Nyama, akasema kwa Kiswahili chake cha shida:

"Bwana, fungua mimi mikono kidogo. Nipe mshale moja. Moja tu, halafu twende jela."

Bwana Nyama alidhani anadai zawadi.

"Blanketi nakwisha," akamjibu, akaingia garini.

Watu wakacheka tena, na baba akasukumwa nyuma ya gari.