Kalandria Isiyoguswa na Msumeno

Fundi bodi hodari kuliko wote Argentina nzima anaishi mtaa wetu wa Los Chañares, na hilo halina ubishi. Kweli, hao wengine hatujawahi kuwaona, na mlango wa karakana ya huyu wetu haufungi mpaka upigwe teke.

Saa moja asubuhi, Nicanor Brizuela, mwenye miaka sabini na minne, ameinamia mlango wa pikapu ya muuza maziwa, uliobonyezwa na fahali asiyependa kupigiwa honi. Mkono mmoja una nyundo ya mbao, mwingine una kipande cha chuma. Tok, tok, tok, na bati linarudi taratibu kama mtoto aliyenuna anayebembelezwa. Birika la maji ya mate, yale majani ya Argentina yanayonywewa kama chai, linachemka pembeni. Ukimsalimu hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

"Shingo imegoma," anasema. "Nimeitumikisha miaka hamsini bila likizo. Ningekuwa mimi ningegoma mapema zaidi."

Mlango kama huu unamletea nyama ya wiki nzima na sigara za siku mbili, ingawa mkewe, Delmira, anaamini aliacha kuvuta mwaka jana.

Nyuma ya karakana, chini ya shuka la maua, limelala gari lake. Ni Kalandria: gari la spoti la viti viwili, jekundu, pua ndefu, matako mafupi. Zilitengenezwa hapa hapa, katika kiwanda kidogo kilichokuwa kando ya reli. Nicanor aliingia kiwandani humo akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akapewa kazi ya kupiga mapaa.

"Paa lilinitosha vizuri sana wakati ule," anasema. "Sikujua kwamba bado sijamaliza kurefuka."

Akarefuka mpaka watu wakamwita Twiga. Kiwanda kilipofungwa, alipewa Kalandria moja badala ya kiinua mgongo, na tangu siku hiyo ameiendesha kichwa kikiwa kimelala begani, kama kuku anayesikiliza jambo. Kofia yake ya Jumapili ilisafiri mapajani mwa Delmira, maana kati ya kichwa na paa hapakupita hata sega. Wakifika waendako, Nicanor alinyoosha mkono upande wa kulia, alikoketi mkewe, bila kutazama, Delmira akampa kofia, ndipo akashuka.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, wenye Kalandria hukutana kando ya mto. Zile zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani huegeshwa kivulini, chini ya mierebi. Zilizokatwa, zilizotobolewa au kuongezwa mikia huegeshwa karibu na jiko la nyama, upande ule moshi unakoelekea. Mwamuzi ni Nicanor. Huipitishia bodi kiganja, polepole, kisha anaonyesha kwa kidole: kivulini au moshini. Hajawahi kumhurumia mtu.

Tulio Gasparini, mwoka mikate, aliwahi kutoboa boneti lake ili injini ipate hewa. Tangu hapo anakaa moshini.

"Jumatatu mikate yangu inanuka nyama," anasema Tulio. "Wateja wananiuliza nimeweka nini ndani. Nawaambia, nimeweka Brizuela."

Na kila mwezi, Nicanor akishamaliza kuhukumu, Tulio humuuliza swali lile lile mbele ya watu: "Na yako, Twiga?" Naye hujibu: "Haijaguswa." Wote hucheka, chupa zinafunguliwa, siku inaanza.

Mwaka huu, mara tu baada ya sherehe za kuvuna zabibu, shingo ilifunga kabisa. Kichwa kikakataa kulala begani, na paa nalo halikuwa na nia ya kusogea. Daktari alimshauri apande basi. Bwana mmoja wa mji wa Rosario akatuma salamu kwamba yuko tayari kuinunua. Nicanor alijua kuna njia ya tatu, na kuijua ndiko kulikomnyima usingizi: kukata sakafu chini ya kiti na kuishusha kama vidole vitatu hivi. Kwa nje hakuna ambaye angeona kitu.

Alichora mstari kwa chaki, akaufuta. Kesho yake akauchora tena. Delmira alimtazama hivyo mpaka akachoka.

"Mimi nimetolewa nyongo," alimwambia. "Nimewekewa meno ya chini na rangi ya nywele hizi imetoka kwenye chupa. Umeona nimeacha kuwa Delmira?"

"Wewe hukutoka kiwandani, mama."

"Na hiyo shingo yako imetoka kiwandani? Sikiliza, mzee. Kama gari hilo ni la kulala tu, lifungue nipange humo mablanketi ya baridi. Kama ni la kunipeleka ziwani Jumapili, likate."

Nicanor alimjibu kwamba amewapeleka watu moshini miaka yote hiyo kwa makosa madogo kuliko hilo. Delmira akasema anajua, na ndiyo maana alikuwa akiwapelekea saladi kwa siri.

Akaikata mchana, wakati mtaa mzima umelala baada ya chakula. Anasema msumeno ulipogusa bati alihisi meno yake yakiuma, hata yale asiyokuwa nayo. Majirani waliamka wakauliza kelele za nini, akawaambia anatengeneza jiko la nyama. Wawili wakaagiza na wao.

Kile kipande alichokitoa hakukitupa. Alikifuta mafuta, akakifunga kwa kitambaa, akakiweka chini ya kitanda, endapo siku moja atahitaji kukirudisha. Delmira hukipangusa vumbi kila akifagia.

Alipomaliza kuchomelea na kupaka rangi, alirudisha kiti, akaingia, akafunga mlango. Paa lilikuwa mbali. Kwa mara ya kwanza aliiona barabara ikiwa imenyooka. Alikaa humo, gari limezimwa, mpaka Delmira akaja na mate, akaketi kando yake, wakanywa kwa zamu huku wakitazama ukuta.

"Jumapili nitawaambia," alisema.

"Utawaambia," alisema Delmira.

Tumeyapata haya kwa Delmira mwenyewe, kwa sharti kwamba tusimwambie mtu.

Jumapili walitoka mapema, kwa sababu wakimalizana na watu wa mto walipanga kupitiliza mpaka ziwani, kama zamani, na ziwa likiwa zuri, warudi tena wiki ijayo na ile inayofuata, mpaka baridi iwafukuze. Nicanor aliendesha akipiga mluzi. Njiani alijaribu maneno: ndugu zangu, nina jambo. Delmira aliona kitu ambacho mumewe hakukiona. Akaikumbatia keki yake iliyopakwa maziwa matamu mapajani, palipokuwa na nafasi nzuri sana.

Walipofika, mierebi ilikuwa imejaa kivuli, na mahali pake, pale pa kwanza karibu na maji, palikuwa pameachwa wazi kama kawaida. Nicanor aliegesha hapo. Watu wakazunguka. Tulio akaja akijifuta macho yaliyojaa moshi.

"Na yako, Twiga?"

Nicanor alitazama kivuli. Ile ndugu zangu, nina jambo ikabaki njiani.

"Haijaguswa," alisema. "Iko kama nilivyoipokea kiwandani, haijabadilishwa hata skrubu moja."

Hakuna aliyecheka. Tulio aliinama dirishani, akamtazama usoni, halafu juu kidogo ya uso.

"Hata skrubu?"

"Hata skrubu."

"Vizuri. Basi chukua kofia yako ushuke, don Nicanor, nyama inaungua."

Nicanor alinyoosha mkono upande wa kulia bila kutazama, kama alivyonyoosha maisha yake yote, na vidole vyake vikazama katika keki.

Polepole, kwa mkono ule wenye maziwa matamu, aligusa kichwa chake, akaikuta kofia imekaa hapo, chini ya paa, tangu nyumbani, imenyooka, haijakunjika popote.

Delmira alimpa kitambaa.

"Washa gari, mzee," alisema. "Huko moshini nyama hufika ikiwa moto."