Nilionja Chai Kwanza, Bibi Akanywa Baada Yangu

Ametuandikia mama mmoja wa upande wa Kasongo. Jina lake tumelificha, la jirani anayemtaja tumelibadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina watoto watatu. Naandika haya nimejifungia chumbani, mume wangu anadhani naumwa kichwa. Sina mtu wa kumwambia uso kwa uso, ndiyo maana nimewakimbilia nyinyi nisiowajua.

Mwezi uliopita baba mdogo wa mume wangu alifariki huko Wamaza. Habari inafika, mimi nina siku mbili za homa na kikohozi cha kupasua kifua. Muuguzi wa kituo cha afya alinipa dawa na barakoa, akaniambia, "Mama, hii kikohozi inarukia wengine. Bakia nyumba. Kama lazima uende ku kilio, vaa hii, kaa inje ku hewa, na kila mutu anywe mu kikombe yake." Nikaitikia. Lakini jamani, mnajua mke asiyeonekana kwenye kilio cha ukweni anavyosemwa. Nikapanda pikipiki, barakoa kwenye mkoba.

Nyumba ilijaa wanawake, bega kwa bega juu ya mikeka, madirisha yamefungwa. Kwetu anayegawa kinywaji lazima aonje kwanza mbele ya watu, waone kwamba hakuna sumu. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nikaanza kumimina chai ya mchaichai nikiwa na barakoa usoni. Shangazi wa mume wangu akanitazama weee, kisha akasema kwa sauti, "Weye, siye tunanuka? Ama unaogopa kuonja? Uliweka nini mule?" Wakacheka kile kicheko cha kumchoma mtu. Nilikasirika, nikaona aibu, nikaivua ile barakoa na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Sasa mjue Bibi. Ni mama wa marehemu, ndiye aliyemlea mume wangu. Tangu harusi yetu alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu. Siku ile, pamoja na msiba wake wote, aliita kutoka kwenye kona, "Leteni chai ya muke mwenzangu, ya mwingine sikunywi." Nikaonja kwenye kikombe chake. Nikageuka pembeni, nikakohoa kwenye kiganja, na kwa mkono huohuo nikampa kikombe Mama Zaina, jirani mjane aliyekuwa akitusaidia. Yeye akampelekea. Bibi alikunywa akamaliza.

Siku nne baadaye, tumesharudi Kasongo, simu ikapigwa kwamba Bibi anakohoa, pumzi haitoki. Wiki haikuisha akatutoka. Wanawake watatu waliokaa naye mkeka mmoja nao walikohoa, wakapona, hakuna aliyewataja. Najua mle ndani huenda alikuwamo mwingine mgonjwa. Kila siku najiambia hivyo, na kila siku naiona ile chai.

Familia wakakaa kikao. Shangazi akasema, "Muke ya mutoto wetu alionja, na iko muzima. Basi ile sumu nani aliitia, kama haiko ule aliyebeba kikombe?" Wakamgeukia Mama Zaina. Hakuna anayemsalimia, mihogo yake hainunuliwi, na amepewa mpaka siku ya kumaliza matanga ya Bibi awe ameondoka. Alinipigia simu akilia. "Mama, weye ulionja. Waambie ile chai ilikuwa muzuri." Nikamjibu, "Ndiyo, mama, nitawaambia." Nikakata. Maskini, hajui kwamba kusema chai ilikuwa nzuri ndiko kunakommaliza.

Silali. Vikombe vya watoto naviosha mara mbili, mara tatu. Mtoto akikohoa nashtuka. Na sauti ya Bibi naisikia mchana kweupe, nikiwa natwanga pondu, yale majani ya muhogo, "Leteni chai ya muke mwenzangu." Kikombe chake walinipa mimi kama ukumbusho, kwa kuwa alinipenda. Kiko juu ya kabati. Nimekifunika kitambaa.

Jumapili hii tunaenda kumaliza matanga. Jana shangazi alituma ujumbe wa sauti, mume wangu akausikiliza mbele yangu. "Ukuye na kile kikombe ya Bibi. Utaonja mbele ya watu wote kama siku ile, wamujue ule Mama Zaina ni mutu wa namna gani." Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akasema ni sawa.

Nikisema ukweli, nitakuwa mimi niliyemwua aliyemlea mume wangu, na ndoa yangu sijui. Nikinyamaza, nitaonja tena mbele yao, na Mama Zaina atabeba vitu vyake kichwani aondoke kwa kosa langu. Nimebaki na siku tatu. Ndugu zangu, nipeni shauri, nianze kwa kumwambia nani?