Aliyeishika Moduli ya Bir Zmela

Maji ya kisima cha Bir Zmela hayavutwi na pampu. Hupanda yenyewe kutoka chini ya jangwa, ya moto wa kubabua ngozi, na kabla ya kuifikia mitende hupitishwa kwanza kwenye mnara wa kupozea. Vali moja ndiyo huamua: mnarani au moja kwa moja mferejini. Vali hiyo iliamrishwa na kisanduku cha kompyuta kilichotundikwa ukutani, na ndani ya kisanduku, kwa maneno ya Ami Messaoud mlinzi wa kisima, alikuwamo Lassaad.

Raoudha hakumbishia. Lassaad alizikwa mitende ilipokuwa ikichavushwa, na sasa tende zilikuwa zinageuka rangi, lakini kila asubuhi vali iligeuka kama alivyoiagiza.

Yeye na Lassaad walisoma pamoja chuoni Sfax, wakaapa pamoja. Wenzao walipofungasha kwenda Ujerumani kuandika programu za matajiri, hawa wawili walibaki kuzihudumia jumuiya za maji za kusini, kwa ujira wa kuchekesha. Lassaad alikuwa akisema kwamba kiini cha mfumo wa kompyuta, ule wanaouandika watu wa dunia nzima na kuuacha wazi usomwe na yeyote, ni kama maji ya chemchemi: anayekiwekea kufuli ni mwizi. Raoudha aliamini hivyo wakati huo, na aliamini hivyo bado, ingawa sasa aliamini peke yake.

Kazi yao ilikuwa kuandika moduli, vipande vidogo vya programu vinavyopachikwa ndani kabisa ya kiini, mashine ikiwa inaendelea na shughuli zake, na kuchomolewa vivyo hivyo. Huko ndani hakuna msamaha. Moduli moja ikikosea, mfumo mzima huanguka. Ndiyo maana fundi hufundishwa mapema: ukishika kitu, kiachie, kwa kuwa kilichoshikwa kiini hakikubali kichomolewe. Kwa kila alichoshika, Lassaad alikuwa akigonga meza kwa kidole, na alipokiachia aligonga tena.

Moduli yake ya Bir Zmela ilikuwa imeanza kuganda joto la mchana likizidi. Vali ilikwama katikati, maji hayakupita, na mitende ikapitwa na zamu yake ya kumwagiliwa. Zamu ikipotea haifidiwi, na tende zilizokosa maji wakati huu husinyaa mtini. Raoudha alikuja na moduli mpya. Ilibaki kuichomoa ya zamani kabla ya zamu ya mchana huo.

Ikakataa. Kiini kilijibu kwamba moduli imeshikwa na mmoja. Raoudha alizima programu zote zilizoitumia, akauliza tena. Imeshikwa na mmoja.

"Tangu asubuhi mnatazamana tu na hilo sanduku," Ami Messaoud alisema, akimmiminia chai. "Mmeposana nini?"

"Halitaki kumwachia, Ami."

Mzee aliacha kutabasamu. Akasema yeye huyasikia mabomba yakigonga, mara mbili mbili, na zamani hayakuwa hivyo. Raoudha alitaka kumwambia kwamba chuma hutanuka kwa moto. Ndipo bomba likagonga mara mbili.

Alifungua maandishi ya moduli akayasoma mstari kwa mstari. Mwanzoni kabisa, moduli ilikuwa imejishika yenyewe. Alitafuta mahali pa kuachia. Hapakuwa na popote. Basi hata Lassaad alisahau. Hasira ikampanda, hasira ya kumkasirikia maiti, ambayo haina pa kwenda. Akaandika amri ya kuing'oa kwa nguvu. Kilichobaki ni kubonyeza.

Dirishani aliwaona wakulima wenye zamu. Walikuwa wameshakunja suruali, wamesimama na majembe miguu peku ndani ya mfereji, wakingoja.

Kidole kikabaki hewani. Lassaad alikuwa mtu wa kurudi nyumbani kutoka kituo cha basi kuhakikisha bomba la jikoni limefungwa. Mtu huyo hakusahau. Alishika kwa makusudi.

"Ami," aliuliza, "vali isipoamrishwa na mtu, hulala upande gani?"

"Wa mfereji. Ndiyo maana umeme ukikatika mimi hukimbilia lile gurudumu la kufungia maji kisimani. Taa ikizima tu, mbio." Mzee alicheka kidogo. "Marehemu alinikimbiza mazoezi mpaka magoti yakaniuma."

"Na taa isipozima?"

"Isipozima nikimbilie nini, binti yangu?"

Raoudha alikiondoa kidole juu ya kitufe polepole, kama anayemkwepa nyoka. Angeichomoa moduli, vali ingelala upande wa mfereji, taa ikiwaka, mzee akinywa chai, na maji ya moto yangeifuata ile miguu. Lassaad aliliona hilo. Akajishika asichomoleke ila kwa kukizima kisanduku, maana taa ya mzee iliwaka kwa waya huohuo, na ikizima mzee angekimbilia gurudumu.

Alimwomba Ami Messaoud akalifunge gurudumu kwanza. Mzee alipopunga mkono, Raoudha alikizima kisanduku. Taa ilizima. Mabomba yakanyamaza, na kimya hicho kilimwelemea kuliko mazishi yenyewe.

Kabla ya kupachika moduli yake alirudi kwenye mistari ya mwanzo, akaifanya nayo ijishike, bila kuachia popote. Penye jina la mwandishi aliliacha la Lassaad juu, akaandika lake chini. Akawasha, vali ikageukia mnara, gurudumu likafunguliwa. Aliuliza orodha ya moduli. Imeshikwa na mmoja.

Maji yalipofika mferejini alitoka akatumbukiza mkono. Yalikuwa vuguvugu. Mmoja wa wenye zamu alimtania kwamba amewacheleweshea kazi kwa ajili ya kunawa. Nyuma yake, bomba liligonga mara moja. Alisimama na mkono majini, akingoja la pili.