Jirani alikuwa anampaka kobe wake mawese, na ni mimi niliyetakiwa kumwambia

Wakuu, salamu kutoka Kadutu. Haya yalinikuta mwenyewe, na kuna sehemu inaniaibisha, kwa hiyo mniamini tu: hakuna mtu anayejitungia aibu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kobe wangu, Chantal, anatembea kunishinda.

Kwenye mteremko wetu tuko wawili tu wenye kobe. Mwingine ni Maman Nsimire, mjane, nyumba yake iko chini ya yangu. Marehemu bwana yake alimletea kobe kutoka Kamanyola, kule bondeni, akamwita Direkta, yaani mkurugenzi, kwa sababu ya kuchelewa kila mahali. Mzee alipokufa, akabaki Direkta.

Juzi kati akaniita: "Baraka, kuya uone Direkta, sasa iko na adabu! Haisumbuke tena, inalala tu."

Nikashuka. Wakuu, nilishtuka.

Kobe yuko ndani ya beseni, chini ya kitanda, gizani, kwenye baridi. Kila asubuhi anaogeshwa kwa sabuni ya unga, kisha anapakwa mawese gamba ling'ae kama mtoto wa komunyo. Chakula ni foufou, ule ugali wa muhogo.

Macho yamevimba, yamefumba. Nikagusa gamba kwa kidole. Likabonyea kama mkate.

Direkta hakuwa na adabu. Alikuwa anakufa.

Sasa unasemaje? Maman ni wa umri wa mama yangu, na kwetu mdogo hamkosoi mkubwa ndani ya nyumba yake, tena chai yake ukiwa umeishika. Nikinyamaza, kobe anakufa. Nikisema halafu akafa, kesho mteremko mzima utasema nilimroga.

Nikajaribu kuzungukia mbali. "Maman, Kamanyola si kuna joto sana?"

"Iko."

"Na huku kwetu ni baridi..."

Akaweka kikombe chini. "Baraka. Unataka kusema miye niko naua kobe ya bwana yangu?"

Nje mtu anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nikautazama mlango, nikaupenda sana.

Ndipo likanitoka: "Maman, Chantal ni wa pili. Wa kwanza nilimuua mimi. Beseni, giza, foufou, vilevile. Gamba lilianza kubonyea hivi hivi, nikaona haya kuuliza mtu."

"Ile? Si ulituambiaka ilikimbia?"

"Nilidanganya, Maman."

"Kobe, Baraka. Kukimbia! Na sisi wote tukakupa pole!"

Alicheka mpaka machozi yakatoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Haya," akasema. "Onesha."

Tukamfuta mawese kwa maji ya vuguvugu, tukamtoa nje, tukamweka juani, na pembeni tukamwachia kivuli cha kujificha akichoka. Foufou basi. Nikamwonesha kusaga maganda ya yai na kuyanyunyiza juu ya lengalenga, yaani mchicha. Kesho yake tukampeleka kwa veterineri, daktari wa wanyama, akatupa dawa ya macho, akasema tumechelewa, labda si sana.

Siku tatu Direkta hakula. Kila asubuhi natega sikio kama kuna kilio kule chini.

Siku ya nne Maman Nsimire akapanda mpaka kwangu, anahema, hakubisha hata hodi. Akanisukumia kidole usoni.

"Ameniuma! Baraka, angalia! Nilimupa lengalenga, akakamata na kidole!"

Alikuwa anakionesha kama mchumba anayeonesha pete.

Gamba bado laini, veterineri anasema ni miezi. Lakini macho yamefunguka.

Nilichojifunza: mtu aliyempenda mnyama wake, ukimtajia kosa, anasikia unasema hakumpenda. Kwa hiyo fungua kwanza lako, hata kama linanuka. Mimi nilianza na Kamanyola, nikakaribia kufukuzwa.

Wenye kobe, mawazo yenu nayangoja. Na wewe uliyewahi kumwambia mkubwa neno chungu, ulianzia wapi? Mnitukane, lakini polepole.