Nilishukia Mombasa

Meli ilikuwa na bwawa la kuogelea, ukumbi wa dansi, na mlango wa chumba uliojifunga bila sauti. Mlango huo ndio ninaoukumbuka zaidi. Nyumbani kwetu Kitui mlango wa chumba cha kulala ni wa chuma. Ukibamizwa, mbwa wa jirani hubweka, na jirani mwenyewe hukohoa kwa makusudi upande wa pili wa ua ili ajulikane yuko macho. Melini mume wangu aliusukuma kwa kidole kimoja, ukafumba kama mdomo. Kisha akanipiga.

Kosa langu lilikuwa kucheka. Mezani aliagiza ugali, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuagiza. Mhudumu akainama, akaenda, akarudi na uji mzito wa manjano uliopambwa kwa jani. Mume wangu akautazama ule uji kama hakimu anayemtazama mwizi wa kuku. Nikacheka. Wageni wawili mezani kwetu wakacheka nami. Yeye pia alicheka, na meno yake yote yakaonekana, na hapo nikajua.

"Unanicheka mbele ya wazungu," alisema chumbani. Ngumi ya kwanza ilinipata chini ya titi, mahali ambapo nguo hufunika. Ya pili ilinikuta nimeshaanguka kati ya kitanda na ukuta. Alinivuta kwa nywele, akanisimamisha kwa kunikaba shingo, akaniangusha tena. Meli iliyumba kidogo, nikasikia mbavu zangu zikiyumba nayo, na dirishani bahari ilikuwa bluu, tulivu, nzuri mno, kama shahidi aliyehongwa.

Safari hiyo ilikuwa zawadi. Mwaka uliotangulia alikuwa amenivunja kidole, nami nikakimbilia kwa wazazi wangu Kalamba. Alikuja kunichukua akiwa na mbuzi. Kwetu mume anayekuja kuomba radhi huja na mbuzi, na wazee wa mke wakimchinja wakamla, maneno yamekwisha. Mke hufunga mzigo wake kabla mifupa haijapoa. Baba yangu alimchinja. Mimi nilikula kipande cha ini, nikapanda gari. Ndipo mume wangu, anayechimba mabwawa ya udongo kwa matingatinga yake na hupenda mambo makubwa, akatangaza kanisani kwamba atanipeleka baharini. Tuliombewa. Tulipanda meli Durban, tukatia nanga Unguja, kisha ingekuja Mombasa, na mwisho Shelisheli, ambako tungepanda ndege kurudi nyumbani.

Asubuhi tuliyofika Mombasa alishuka na kundi la watalii kwenda Tsavo kuangalia tembo. Mtu wa Ukambani, ambaye shamba la mjomba wake limekanyagwa na tembo hao hao hadi mahindi yakawa matandiko, alivaa kofia ya kitalii akaning'iniza darubini shingoni.

"Wewe lala," aliniambia. "Ukiulizwa, ni kichefuchefu cha bahari."

Nililala mpaka niliposikia hatua zake zimekwisha kwenye ujia. Nikaamka, nikafunga kitambaa shingoni, nikaenda mapokezi nikiwa na mkoba wa mkononi tu. Msichana wa mapokezi alinitafutia pasipoti yangu, akauliza kwa upole wa kazi, "Mbona unashuka, mama? Safari inaishia Shelisheli. Bado kituo kimoja."

"Nimefika," nikasema.

Alitazama shingo yangu, mahali kitambaa kilipoteleza. Alimpigia simu afisa wa uhamiaji, akanisindikiza mwenyewe hadi kwenye ngazi. Nilipopitisha kadi yangu mashine ililia mlio mdogo, kama kifaranga. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia katika ndoa yangu ya baharini.

Nikapanda treni. Tulipokata Tsavo niliegemeza kichwa kwenye kioo. Vichaka vilikuwa vikavu, vyekundu, vimechanika. Mahali fulani kati ya vichaka hivyo mume wangu alikuwa amesimama garini na darubini yake, na huenda aliinua macho akaiona treni ikipita, akasema, Tazama, treni. Nilishukia Emali nikacheka hadi mbavu zikanikataza.

Kalamba, mama yangu alikuwa akipepeta mbaazi uani. Aliniona, ungo ukamponyoka.

"Mwaitu," nikamwita. Kwetu mama huitwa hivyo, na baba huitwa Nau, hata ukiwa mtu mzima uliyesoma.

"Si uko kwa bahari wewe?"

"Nimeshuka."

Alinifungua kitambaa, akaangalia, akakifunga tena taratibu kama anayefunga mlango wa chumba chenye maiti. Baba alitoka na Biblia yake. Alikuwa akijitayarisha kwa ibada ya nyumbani.

"Mume wako yuko wapi?"

"Anaangalia tembo, Nau."

"Anajua uko hapa?"

"Atajua. Nau, nataka umrudishie mbuzi wa kukataa."

Ndoa yetu ya Kikamba hufungwa kwa mbuzi wa ntheo, ambao mume huwaleta na wazazi wa msichana huwala. Hufunguliwa kwa mbuzi mmoja tu, mbuzi wa kukataa, ambaye baba wa mke humtoa katika zizi lake mwenyewe, akampeleka mpaka kwao mume. Mwanamke hawezi kumpeleka. Kaka hawezi. Unaweza kukimbia, unaweza hata kushinda kesi mahakamani, lakini mbuzi huyo asipotembea, nyumbani kwenu wewe ni mgeni aliyekawia kuondoka. Siku yoyote mume akija, huna la kusema.

"Mimi ni mzee wa kanisa," baba akasema. "Nitasimamaje mbele ya watu na mbuzi wa mila?"

"Yule uliyemla mwaka jana alikuwa wa Injili?" mama akauliza. Alikuwa ameinama akiokota mbaazi. Hakuinua kichwa.

Baba alirudi ndani.

Mume wangu hakunifuata mara moja. Alimaliza safari. Alikwenda Shelisheli peke yake, akaogelea, akapiga picha, akazituma kwa wanakwaya. Alikuja Kalamba baadaye kwa pikapu, yeye na kaka zake wawili, ngozi ya pua ikimbambuka kwa jua la raha. Nyuma ya gari alikuwa amesimama beberu mweupe, mkubwa, mwenye ndevu za mchungaji.

"Nau," alisema akiinama, "huyu mtoto wako aliugua bahari ikamchanganya kichwa."

Kaka yake akadakia, "Shemeji, ulidhani meli ni basi? Unaona kiosk, unagonga bati, unashuka?"

Walicheka. Hata mimi niliona mdomo wa mama ukitaka kucheza. Hivyo ndivyo tunavyomalizwa, kwa kuchekeshwa.

Baba alikuwa ananoa kisu tangu asubuhi, walipotuma habari kwamba wanakuja. Nilikuwa nimemsikia, chuma juu ya jiwe, chuma juu ya jiwe, na kila mkwaruzo ulinipita kwenye mbavu. Walimlaza beberu. Baba akapiga goti begani pake, akamshika kidevu, akaivuta shingo mpaka manyoya yakatandazika. Kisu kikashuka. Niliona ngozi ikibonyea.

Kikasimama.

Siku ya ntheo yangu, kabla ya kuchinja, baba aliniuliza mbele ya wageni kama anavyopaswa kuuliza: mwanangu, tule? Nami, kwa haya na furaha, nikajibu, kuleni. Mwaka jana hakuniuliza. Sasa aliinua uso, jasho likimdondokea beberu.

"Mwanangu," alisema, "tule?"

Hakuna aliyetarajia swali hilo. Mume wangu aliniangalia na meno yake yote.

"Msile," nikasema.

Alinifikia kabla neno halijatua. Kofi lilinigeuza, teke likanipata pale pale palipokuwa hapajapona, nikala vumbi. Baba aliruka, kaka mmoja akamkamata mkono wa kisu akausokota mpaka kisu kikaanguka, wa pili akampiga kwa mpini wa koleo mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili, sauti nzito kama gunia linaloangushwa. Beberu aliinuka akakimbia kati ya miguu ya wote akipiga kelele kama binadamu. Mume wangu alikuwa amenikalia, kidole gumba kwenye koo langu, akisema polepole, "Umeniaibisha melini. Umeniaibisha nyumbani." Mbingu ikaanza kuwa nyeusi pembezoni.

Kisha nikasikia mfupa. Si wangu. Mama alikuwa ametoka jikoni na mchi wa kutwangia muthokoi, ule mti mzito ambao amekoboa nao mahindi maisha yake yote, na alimpiga nao begani kwa kipimo kile kile, kutoka juu, kwa mikono miwili. Akauinua tena. "Shuka," alimwambia. "Shuka juu ya mtoto wangu." Akashuka kwa kubiringika, mkono ukining'inia, akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kujua anayo.

Majirani walikuwa wamefika langoni na mapanga. Kaka zake walimtupa garini wakaondoka kwa kasi. Beberu walimwacha.

Asubuhi baba alitembea akiwa ameinama upande. Alimfunga yule beberu mbali na zizi, asije akachanganyika na mbuzi wetu. Akafungua zizi, akalitoa jike la madoa ambalo alilipenda. Biblia yake aliiacha ndani. Aliniambia nibaki; nilipanda nyuma ya pikapu ya jirani pamoja na mbuzi wote wawili, mmoja wa kurudishwa bila kuliwa, mmoja wa kukataa.

Kwao mume wangu ni Kwa Vonza. Tulipoingia uani, baba mkwe alituona dirishani akaingia ndani zaidi. Baba yangu akamwachilia beberu, naye akaenda moja kwa moja kwenye hori lake. Kisha baba akanyoosha kamba ya jike la madoa, akasimama.

"Sipokei!" sauti ya baba mkwe ilitoka ndani. "Rudi na mnyama wako! Mke ni wetu!"

Kamba isipopokewa na mtu wa nyumba hiyo, mbuzi hajafika. Baba alijua, nami nilijua. Jua lilipanda. Alizidi kuinama upande kwa maumivu ya mgongo, lakini mkono wenye kamba hakuushusha.

Mama mkwe akatoka jikoni. Mkono wake wa kulia umepinda kifundoni, haukuwahi kuungwa vizuri. Siku ya kwanza nilipomuuliza aliniambia aliteleza kisimani, na nikamwamini, maana nilikuwa bibi harusi.

"Huyu mbuzi ni wa nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni wa kukataa," baba akajibu.

"Mwanamke haligusi jambo hilo!" sauti ikanguruma. "Wewe! Ukiigusa hiyo kamba!"

Aliishika kwa mkono ule uliopinda.

"Amefika," alisema. Aliniangalia mara moja tu. "Mwana wa wenyewe, nenda kwenu."

Alimvuta mbuzi mpaka kwenye nguzo ya ua, akaanza kumfunga. Ndani kigoda kilianguka, kisha mlango ukagonga ukuta kwa kishindo. Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa anakaza fundo la pili.