Simu ya Mama Nasra

Mie si mtu wa kuamini majini. Nimekulia Iringa, nimelelewa kanisani, na mtu akianza kusimulia habari za mizimu nilikuwaga natafuta pa kucheka. Kwa hiyo usidhani nimekaa nikatunga. Haya yalinikuta mwenyewe, Chamazi, mchana kweupe, na walioshuhudia mwisho wake wanazidi kumi.

Nilikuwa na fremu ya steshenari mbele ya nyumba ya Bi Swabra, mama mmoja mwenye asili ya Kiarabu, watu wa biashara ya vitambaa toka enzi za babu zao. Natoa kopi, naprinti, nahamisha picha za watu kutoka kwenye simu. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, nikaiwekea mfumo wa Linux kwa kuwa ni nyepesi na haina gharama. Ndani yake kulikuwa na programu moja tamu sana: simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, zinaonana. Ukikubali ziungane, picha na sauti zinahama bila waya, kompyuta inakuonyesha hadi chaji ya simu imebaki kiasi gani, na simu ikipotea mle ndani unabonyeza kitufe, inaita hata kama uliizima mlio. Ila Wi-Fi yangu ilikuwa dhaifu, haifiki hata kwa muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara. Hilo lishike.

Bi Swabra aliishi na mwanawe Hamdani na mjukuu wake Nasra, wa miaka saba. Mama yake Nasra, mke wa Hamdani, sikuwahi kumkuta. Nilipopanga pale nilisimuliwa kwamba alitoroka miaka miwili nyuma, wakati wa mvua kubwa, akamwacha mtoto. Mara yuko Uarabuni, mara yuko Tunduma kwa mwanamume. Bi Swabra alikuwa hataki hata jina lake litajwe. Na mie, Mungu anisamehe, umbea huo niliwarudishia wateja huku nacheka.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Ijumaa, kama saa tisa alasiri, manyunyu yanadondoka. Nainua kichwa, namwona mwanamke kasimama mlangoni. Dera la kijani, mtandio kichwani, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga. Simu yenyewe imetapakaa matope.

"Dada, nataka unitolee sauti zangu humu," alisema taratibu. "Kioo kimekufa."

"Lete niione."

"Usiishike. We fungua tu huko kwako."

Kabla sijajibu, kompyuta ikalia. Kwenye kioo pameandikwa: Simu ya Mama Nasra inaomba kuunganishwa. Nikabonyeza Kubali. Ndiyo, nilibonyeza. Ungekuwa wewe usingebonyeza? Sauti tatu zikaingia moja baada ya nyingine, na pembeni chaji inasoma asilimia mbili. Ndipo nikajiuliza, huyu paswedi ya Wi-Fi kapewa na nani? Mbona mie sijampa?

"Mpe Nasra," alisema.

Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Akili ikanitafutia jibu jepesi: karudi kimyakimya, anamwogopa mama mkwe, kajibanza mahali. Maana simu yake ilikuwa bado imeunganishwa, asilimia mbili ileile. Yuko karibu, hawezi kuwa mbali. Nikatoka mbio, nikamuuliza muuza chipsi kama kamwona dada wa dera la kijani.

"Hapo kwako hajaingia mtu tangu swala ya Ijumaa, fundi," alinijibu, na akawa ananitazama kwa wasiwasi.

Nikazunguka uani. Bi Swabra alikuwa anaanua nguo.

"Shikamoo mama. Mama Nasra karudi."

Alinikazia macho. "Asinikanyagie kizingiti! Mtoto kalia mpaka homa ikampanda, leo ndiyo anakumbuka kurudi?"

"Yuko hapahapa, mama. Simu yake naiona kwenye kompyuta. Ngoja niiitishe tujue aliko."

Nikarudi dukani, nikabonyeza kitufe, nikatega sikio. Kimya. Kisha nikausikia mlio nyuma ya nyumba, mdogo, kama umefunikwa na godoro. Ilikuwa kaswida, watoto wanaimba. Niliufuata hadi kwenye kamba ya nguo. Bi Swabra alikuwa palepale nilipomwacha, kanga zimemdondoka, mkono mdomoni. Niamini, mlio ulikuwa unatoka chini ya miguu yetu.

"Hiyo simu yake," alisema. "Kaswida ya madrasa ya Nasra. Aliirekodi mwenyewe."

Akaketi kwenye tope, mtu mzima yule. Nikamshika bega. Akaigusa ardhi kwa kiganja.

"Hapa palikuwa na shimo la choo la zamani, mwanangu. Mfuniko ulibomoka usiku wa ile mvua. Hamdani alikuwa safarini. Asubuhi nikaita vijana, wakamwaga kifusi, wakasawazisha." Akaokota kanga moja. "Hatukuchungulia."

Hamdani alikuja, mjumbe akaja, polisi wakaja. Jembe la kwanza lilipogonga ardhi, mlio ukakatika. Kabla ya maghrib walikuwa wamemfikia. Mifupa, kitambaa cha kijani, na simu iliyooza, betri imevimba hadi ikapasuka. Askari aliigeuza mkononi, akaniuliza mara mbili kama nina hakika ndiyo niliyoisikia ikiita. Nikamwambia ndiyo.

Sauti zile tatu zilibaki kwenye kompyuta. Ya kwanza niliifungua peke yangu. Mvua inapiga bati, na mwanamke anapiga kelele: "Mama! Mama, niko huku!" Nikaizima. Alikuwa anamwita mkwewe. Je, asubuhi kifusi kilipomwagwa alikuwa hai? Hakuna aliyethubutu kuuliza, na wewe usiniulize. Mbili za mwanzo nilimkabidhi Hamdani, nikamwomba asimsikilizishe mama yake. Ya tatu ilikuwa ya kumwachia mtoto, fupi, mama pumzi zimemwishia: "Nasra, mama hajaenda popote. Mama yupo nyumbani." Hiyo Nasra anayo mpaka leo.

Baada ya mazishi Bi Swabra alivaa baibui akapita nyumba hadi nyumba, mtaa mzima, anabisha hodi. "Mke wa mwanangu hakutoroka," anasema, kisha anakwenda mlango unaofuata. Aliporudi alijilaza, na tangu siku ile hajawa mzima.

Mie nilihamia Mbezi Luis. Simu ya mteja naiunganisha kwa waya tu, na lazima niishike kwanza kwa mkono wangu, hata mtu akinuna. Watoto wa madrasa wakipita wanaimba, nafunga mlango, naongeza sauti ya redio. Hamdani hajaoa tena. Juzi alinipigia, akashukuru, akakata.

Nawe unayenisikiliza, mtu wenu akitoweka usiwe mwepesi wa kusema kakimbia, na usicheke wanaposema wenzako. Kabla hujamtafuta Uarabuni, kachungulie uani kwako.